Alizeti ya Singida Nayo Inahitaji Wakili

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, macho ya wakulima wa alizeti wa Mkoa wa Singida huelekea Dodoma, ambako Waziri wa Fedha husoma Bungeni Bajeti ya Serikali. Katika hotuba hiyo ndefu huwamo mistari michache inayohusu ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nchi za nje. Kwa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida yenyewe, mistari hiyo michache ina uzito kuliko kurasa nyingi zinazobaki. Ushuru ukipanda, mwenye mashine ya kukamua hununua gunia bila kusita. Ushuru ukishuka, mashine hulala, gunia hukaa ghalani, na mkulima huanza kujiuliza kama msimu ujao apande alizeti au arudie uwele na mtama.

Hali hii imezoeleka mno hata watu wengi hudhani kwamba hapana njia nyingine ya kumlinda mkulima na mkamuaji ila kusubiri huruma ya Bajeti. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Iko njia ya pili, nayo ni njia ya sheria. Njia hiyo inampa mzalishaji wa ndani haki ya kupeleka malalamiko rasmi, kusikilizwa, kupewa uamuzi wenye sababu zilizoandikwa, na akishinda, kupata kinga ya miaka kadhaa. Njia hiyo ipo, lakini Singida haijapata kuipita, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha wakamuaji mlango wake wala kuwasaidia kuandika hati ya kubisha hodi.

Sheria za biashara ya kimataifa, ambazo Tanzania inafungwa nazo tangu tarehe 1 Januari 1995 ilipokuwa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani, zinatambua maovu mawili na dharura moja. Uovu wa kwanza ni kuuza kwa bei ya kutupa. Sokoni maneno hayo humaanisha bei nafuu tu, lakini katika sheria maana yake ni finyu: ni pale mwuzaji wa nje anapoleta bidhaa kwa bei iliyo chini ya ile anayowauzia watu wa nchi yake mwenyewe, au iliyo chini ya gharama zake pamoja na faida ya kiasi. Uovu wa pili ni ruzuku, yaani serikali ya nchi ya nje kuwabebea wazalishaji wake fulani sehemu ya gharama, kisha bidhaa zao zikafika kwa wengine zikiwa rahisi kuliko zilivyostahili. Dharura ni pale bidhaa za nje zinapofurika kwa wingi usiotarajiwa hata zikatishia kukiua kiwanda cha ndani, japo mwuzaji hakufanya hila yoyote.

Kwa kila moja ya hayo sheria imeweka dawa. Dhidi ya bei ya kutupa na dhidi ya ruzuku, nchi yaweza kutoza ushuru wa ziada ambao kwa kawaida hudumu miaka 5, kisha hutazamwa upya. Dhidi ya mafuriko ya bidhaa, nchi yaweza kuweka hatua za kinga kwa miaka 4, zikaongezwa hadi 8, na kwa nchi zinazoendelea hadi 10. Linganisha muda huo na kinga ya Bajeti. Viwango vya ushuru vinavyotofautiana na vile vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huombwa na kukubaliwa kwa kipindi cha mwaka mmoja tu. Mtu hawezi kununua mtambo wa kusafisha mafuta kwa mkopo wa miaka 7 akitegemea kinga ya miezi 12.

Historia ya karibuni inathibitisha mashaka hayo. Katika Bajeti ya mwaka 2018/19, ushuru wa mafuta ghafi ya kula ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 25, na ule wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwezi mmoja kabla ya hapo, yaani Mei 2018, Taifa zima lilisikia mabishano juu ya shehena za mafuta zilizozuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Swali lililobishaniwa lilikuwa la kitaalamu kabisa: je, mafuta yale yalikuwa ghafi, au yalikwisha kusafishwa kwa kiasi fulani na hivyo kustahili ushuru mkubwa zaidi? Neno moja katika hati ya forodha lilibeba mabilioni ya shilingi. Waagizaji walikuwa na watu wa kulisemea neno hilo. Mkamuaji wa Kiomboi, ambaye mustakabali wa mashine yake ulitegemea jibu la swali lile lile, hakuwa na mtu.

Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kuongoza kilimo cha alizeti. Mbegu zikagawiwa kwa bei ya ruzuku, mabwana shamba wakahimizwa, na watu wakaitika. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ilipaa. Vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta ya alizeti, na Indonesia ilifunga mauzo yake ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili hadi tarehe 23 Mei 2022. Kisha bei ya dunia ikashuka, na katika mavuno ya mwaka 2023 bei ya alizeti nchini ikaanguka, kilio cha wakulima kikafika Bungeni.

Katika kilio hicho kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wako waliosema mafuta ya nje yameingizwa kwa bei isiyo halali. Wako waliosema ushuru ulikuwa mdogo mno. Wengine walisema bei ya dunia imeshuka kwa wote na hapana wa kulaumiwa. Wengine tena walisema wakulima wamelima sana kwa wakati mmoja. Huenda kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, lakini hapakuwa na chombo kilichokaa, kikakusanya ushahidi, kikatenganisha madhara ya sababu moja na madhara ya sababu nyingine. Hiyo ndiyo kazi hasa ya uchunguzi wa kisheria katika mashauri haya. Sheria inaagiza kwamba madhara yaliyoletwa na sababu nyingine yasibebeshwe bidhaa ya nje. Pasipo uchunguzi, kelele hushinda hoja, na mwenye sauti kubwa ndiye husikika.

Isidhaniwe kwamba nchi haina sheria. Bunge lilitunga mwaka 2004 sheria ya kushughulikia bidhaa za bei ya kutupa na kufidia ruzuku za nje. Mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini mjini Arusha, ikiwa na vifungu juu ya bei ya kutupa, ruzuku na hatua za kinga, pamoja na kamati ya kuyashughulikia mambo hayo. Zaidi ya miaka 20 imepita. India imeanzisha mamia kwa mamia ya mashauri ya bei ya kutupa tangu 1995, na Afrika Kusini inayo tume inayofanya kazi hiyo. Kenya ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuanzisha wakala maalumu wa mashauri haya. Katika orodha ya nchi zilizoanzisha uchunguzi wa bei ya kutupa, jina la Tanzania halimo. Sheria isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani: huning'inia likapata kutu, na shamba likaendelea kuota magugu.

Kwa nini haikutumiwa? Jibu la haraka ni kwamba wataalamu ni wachache na gharama ni kubwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Sababu kubwa zaidi ni kwamba uchunguzi hauanzi kwa amri ya waziri kupenda tu. Kwa kawaida huanza kwa maombi ya maandishi ya wazalishaji wa ndani wenyewe, wakiwa wamebeba ushahidi. Wanaounga mkono maombi hawana budi kuzalisha zaidi ya nusu ya kiasi kinachozalishwa na wote waliotoa kauli, wawe wanaunga mkono au wanapinga, na tena wasipungue asilimia 25 ya uzalishaji wote wa nchi. Kwa viwanda vitatu vikubwa vya saruji jambo hilo ni la mkutano mmoja. Kwa mamia ya wakamuaji waliotawanyika kutoka Manyoni hadi Mkalama, wengine wakiwa na mashine moja nyuma ya nyumba, ni mlima.

Hapo ndipo msaada wa kisheria unapokuwa jambo la lazima, na wala si anasa ya mawakili wa mijini. Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi kosa dogo la kisheria linavyoweza kuangusha haki kubwa. Mwaka 1999 Marekani iliweka hatua za kinga dhidi ya nyama ya kondoo iliyotoka Australia na New Zealand. Katika uchunguzi wake, Marekani ilihesabu wafugaji wa kondoo pamoja na wachinjaji kuwa kiwanda kimoja kilichoumia. Nchi hizo mbili zilishtaki, na mwaka 2001 Baraza la Rufaa la Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba mfugaji anazalisha kondoo hai, naye mchinjaji anazalisha nyama, na kwamba bidhaa iliyofurika ilikuwa nyama. Wafugaji hawakustahili kuhesabiwa. Marekani, pamoja na mawakili wake wote, ilishindwa.

Uamuzi huo unaigusa Singida moja kwa moja. Mkulima anazalisha mbegu ya alizeti, na kinachoingia kutoka nje ni mafuta. Kwa mantiki ya shauri lile la kondoo, mwenye haki ya kusimama mbele ya sheria ni mkamuaji, na mkulima atapata nafuu kupitia mgongo wake. Kwa hiyo kuwakusanya wakulima 10,000 watie saini lalamiko kunaweza kuwa kazi ya bure, hali kuwakusanya wakamuaji wenye daftari zilizo sawa kunaweza kufungua mlango. Jambo hilo haliwezi kugunduliwa kwa hasira wala kwa uzalendo. Hugunduliwa na mtu aliyeisoma sheria.

Kuna swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Mafuta mengi yaingiayo ni ya mawese, na sehemu kubwa ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia. Singida inakamua alizeti. Sheria ya bei ya kutupa na sheria ya ruzuku zinataka bidhaa ya nje na ya ndani ziwe za namna moja. Je, mawese na alizeti ni namna moja? Mwagizaji atasema hapana, akionyesha rangi, asili na matumizi. Sheria ya hatua za kinga ni pana zaidi, maana inatosha kwamba bidhaa mbili zinashindana moja kwa moja sokoni. Mama anayesimama dukani akichagua kati ya mafuta ya kupima na dumu la alizeti anathibitisha ushindani huo kila siku. Lakini hatua za kinga nazo zina sharti zito, kwani hutaka madhara yawe makubwa kweli kweli, zaidi ya yale yanayohitajika katika mashauri mengine. Kuchagua mlango wa kuingilia ni nusu ya shauri.

Yafaa pia kusemwa kwa uaminifu kwamba huenda shauri lisiwepo. Mchikichi hutoa mafuta mengi mno kwa hekta kuliko alizeti, na sehemu ya urahisi wa mawese yatokana na maumbile ya mti wenyewe na ukubwa wa mashamba. Urahisi wa namna hiyo si kosa. Ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba mafuta yaliingia kwa bei ya haki, basi dawa itakuwa mbegu bora, mashine zenye kukamua mafuta zaidi, na ushuru wa kawaida uliopangwa kwa uwazi. Wakili mwema humwambia mteja wake mapema kwamba hana kesi, akamwokolea fedha na muda. Hata jibu hilo Singida haijapata kulipata.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yote hayahitajiki, kwa kuwa Tanzania ilikubali kule Geneva ukomo wa ushuru wa asilimia 120 kwa mazao ya kilimo, na viwango vya sasa viko chini sana ya hapo. Ni kweli kwamba mlango wa Geneva ni mpana. Mlango mwembamba uko Arusha, ambako tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha kawaida cha ushuru wa pamoja ni asilimia 35, na ambako kila badiliko la nchi moja huhitaji ridhaa ya wenzake na hudumu mwaka. Aidha, katika majadiliano ya kila mwaka yanayotangulia Bajeti, waagizaji wakubwa hufika na washauri wao, takwimu zao na barua zao zilizopigwa chapa vizuri. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ushahidi ule ule unaohitajika katika shauri la kisheria ndio pia ungemwezesha mkamuaji kusimama katika majadiliano hayo akiwa na kitu mkononi.

Msaada huo utoke wapi? Sheria yenyewe imeshajibu kwa sehemu. Makubaliano ya kimataifa juu ya bei ya kutupa na juu ya ruzuku yanaziagiza mamlaka zinazochunguza ziyazingatie matatizo ya kampuni ndogo katika kutoa taarifa, na kuzipa msaada unaowezekana. Yanaruhusu pia, pale wazalishaji wanapokuwa wengi mno, kupima uungaji mkono wao kwa sampuli ya kitakwimu badala ya kumhesabu kila mmoja. Kule Geneva kipo tangu 2001 Kituo cha Ushauri wa Sheria za Shirika la Biashara Duniani, ambacho huzihudumia nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, hata bila ya kuwa wanachama wake. Kituo hicho hushauri serikali. Hakiwezi kwenda Nduguti kumfundisha mkamuaji jinsi ya kuandika daftari. Kazi hiyo ni ya hapa nchini.

Mwaka 2017 Taifa lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, na leo mwananchi asiye na uwezo anaweza kupata msaada juu ya ardhi, mirathi na ndoa. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini haki ya mtu katika biashara nayo ni haki. Mjane anayedhulumiwa kiwanja ana adui anayemfahamu kwa jina. Mkamuaji anayefunga mashine yake hamwoni aliyemwangusha, wala hajui kama ameangushwa kwa hila au kwa ushindani wa halali. Wanasheria wa halmashauri za Singida wakifundishwa misingi ya mashauri haya, na Wizara inayohusika na biashara ikiwa na dawati la kupokea na kurekebisha maombi ya wazalishaji wadogo kabla hayajawasilishwa rasmi, pengo kubwa litazibwa bila ya gharama ya kutisha.

Watumishi wa umma na walimu wa mkoa huo wana nafasi ya pekee. Shauri la namna hii hushinda au hushindwa kwa mambo ya kawaida sana: tani zilizokamuliwa kila mwezi, uwezo wa mashine, siku ilizosimama, idadi ya vibarua na ujira wao, bei ya gunia la mbegu, bei ya dumu la mafuta, bei ya mashudu, akiba iliyobaki ghalani. Mambo hayo yakiandikwa kwa mfululizo wa miaka mitatu, ni ushahidi. Yasipoandikwa, ni manung'uniko. Afisa biashara wa wilaya aweza kuandaa daftari la namna moja kwa wakamuaji wote. Afisa ushirika aweza kuwaunganisha. Mwalimu wa somo la biashara katika sekondari ya kata aweza kulifanya daftari hilo kuwa zoezi la wanafunzi wake, maana wengi wao ni watoto wa wakulima na wakamuaji hao hao. Mali bila daftari, hupotea bila habari. Methali hiyo haijapata kuwa na maana iliyo wazi kuliko hapa.

Lipo pingamizi moja linalostahili heshima. Mwalimu na karani nao hununua mafuta, na mshahara wao haupandi kila bei ya mafuta inapopanda. Zaidi ya nusu ya mafuta yanayoliwa nchini yametoka nje kwa miaka mingi, na ushuru ukizidishwa ovyo utaingia jikoni mwa kila mtu. Ndiyo sababu hasa njia ya sheria inafaa kupendelewa. Katika uchunguzi ulio wazi, mlaji, mwagizaji, msafishaji wa Dar es Salaam na mkamuaji wa Ikungi wote husikilizwa, na ushuru wa kufidia haupaswi kuzidi kipimo cha uovu uliothibitishwa. Ushuru unaopangwa kwa mashinikizo hauna kipimo hicho, na humwumiza mlaji leo na mkulima kesho.

Mkulima wa Singida ametimiza wajibu wake. Ameambiwa alime alizeti, naye amelima katika nchi kame ambayo mazao mengi huikataa. Mkamuaji amenunua mashine kwa fedha zake au kwa mkopo wenye riba. Serikali imetoa mbegu. Kilichobaki ni kuwapa watu hawa uwezo wa kulisema lao mahali panapohusika, kwa lugha inayosikika huko, wakiwa na karatasi mkononi. Shime basi, maofisa wa Singida wasingoje Juni nyingine. Daftari la kwanza laweza kufunguliwa katika mavuno haya.